Tunza trekta kabla ya masika kuanza

MKULIMA wa mahindi katika Uasin Gishu au Trans Nzoia hutegemea mvua ya masika, ambayo huanza kati ya Machi na Aprili. Trekta ikiharibika wakati huo, siku za kupanda hupotea na mavuno hupungua.

Matayarisho huanza kiangazi. Vumbi la Januari na Februari huziba rejeta na machujio ya hewa. Dereva aliyeketi katika chumba chenye kiyoyozi hahisi joto la injini likipanda, hivyo ni sharti atazame kipimajoto mara kwa mara. Rejeta isafishwe injini ikiwa imezimwa na kupoa. Chujio la chumba cha dereva likaguliwe pia; lile la kawaida huzuia vumbi, wala si mvuke wa dawa za kunyunyizia mimea.

Mvua inapokaribia, kagua vaipa, taa na mipira ya milango. Jaza tangi la dizeli jioni ili unyevu wa usiku usigeuke maji ndani yake.

Shamba likilowa kupita kiasi, subiri. Trekta nzito hushindilia udongo, na mizizi hushindwa kupenya.