Shule ya Serikali ya Tanga na Mtambo Wake wa Chapa

Mtu atakaye kujua asili ya shule za serikali katika Tanganyika hana budi kuanzia Tanga, kwani ni katika bandari hiyo, mwaka 1892, kabla reli ya Usambara haijalazwa hata taruma moja, na miaka mitatu tu baada ya Abushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi yao, kunyongwa kule Pangani, ndipo Wadachi, yaani Wajerumani, walipofungua shule ya kufundisha watoto wa wenyeji pasipo kuwabatiza. Haja iliyowasukuma haikuwa huruma. Dola yao changa ilitaka makarani, wakalimani, watoza kodi na maakida ambao wangeweza kusoma amri na kurudisha jawabu; na nyaraka za pwani zilikuwa zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo maofisa wao wengi hawakuzijua.

Lakini elimu haikuwa jambo geni kwa watu wa Tanga, hata wapokee ya Wadachi kana kwamba hapo kabla walikaa gizani. Walikuwa na vyuo vyao, na mwalimu wao wa Kurani aliyelipwa ada na kuheshimiwa. Na wengi walichelea kwamba mtoto atakayepelekwa kwa Mzungu atarudi amebadilishwa dini. Wakuu wa serikali, kwa kutaka kuwatuliza wazazi, waliwahi kuazimia kumwajiri mwalimu wa Kurani shuleni. Wamisionari wakanung'unika, na azma ile ikatenguliwa. Ikabaki shule isiyofundisha dini yoyote, yenye kusomesha kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, na kwa ajili hiyo ikalaumiwa na pande zote mbili: misheni zikidai kuwa inaupalilia Uislamu, na Waislamu wasiache kuitilia shaka.

Chini ya Paul Blank, mkuu wake kwa miaka mingi, shule ikakua ikawa ndiyo kubwa kupita zote za serikali. Palikuwa na madarasa ya kusoma, kuandika na hesabu. Palikuwa na malazi ya vijana waliotoka bara kuja kujifunza ualimu, ili wakirudi makwao wafungue shule ndogo. Palikuwa na karakana ya useremala. Na palikuwa na bendi ya matarumbeta, iliyokuwa fahari ya mji kila serikali ilipokuwa na sherehe. Nia ya Wadachi katika bendi ile ilikuwa kuwazoeza vijana nidhamu na kuipamba dola. Lakini mji uliosikiliza ulikuwa na masikio yake wenyewe, na katika zama zizo hizo ngoma ya beni, yenye gwaride, vyeo na mashindano ya makundi, ilikuwa ikienea katika miji ya pwani na kuingia bara, watu wakiyatwaa ya askari na ya wapiga tarumbeta na kuyageuza kuwa yao.

Katika vyombo vyote vya shule ile, hata hivyo, hakuna kilichozaa matunda makubwa kama mtambo wa kupiga chapa. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Kijana alisimama mbele ya kasha lenye vijumba vingi, akaokota herufi za risasi moja baada ya moja, akazipanga zikitazama kinyume. Mistari ilipotimia ikafungwa pamoja kwa nguvu, ikapakwa wino, ikagandamizwa juu ya karatasi. Na ikionekana kosa, herufi ikang'olewa na nyingine ikatiwa mahali pake. Hapana shule ya sarufi iliyo kali kuliko hiyo, maana mwenye kuipanga lugha kwa vidole herufi kwa herufi hawezi kupita neno bila kulitambua.

Kutoka katika mtambo huo, tangu mwaka 1904, likatoka gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi. Lilikuwa gazeti la serikali, na halikuficha utii wake. Lakini kurasa zake zilijazwa pia na barua, habari na mashairi ya walimu na makarani waliotawanyika katika vituo vya mbali, watu ambao hawakupata kuonana kwa macho, wakawa wakijuana kwa majina yao yaliyopigwa chapa Tanga.

Hata hivyo, haifai kuwasifu wahitimu wote wa shule za serikali bila kubagua. Baadhi ya watu wa pwani waliopelekwa bara kuwa maakida waliwatawala wenyeji kwa ukali, na ukali wa maakida ni mmoja wa mambo yaliyowachoma watu hata wakasimama katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Wala shule za serikali hazikuwa nyingi: kufikia mwaka 1914 zilihesabiwa 99, zenye wanafunzi wapatao 6,000, hali zile za misheni zilikuwa zaidi ya 1,800. Uzito wa shule za serikali haukuwa katika wingi, bali katika mahali walipoketi wahitimu wake, yaani kwenye meza ya barua ya kila boma.

Mwezi wa Novemba 1914 Tanga ikapigwa vita. Mwaka 1916 Waingereza wakautwaa mji, na Kiongozi likakoma. Watawala hao wapya walikiri kwamba waliona jambo la kuwafaa sana, nalo ni kuwa waliweza kumwandikia akida au jumbe waraka wa Kiswahili wakapata majibu. Lakini wenye kuandika majibu walikuwa wamekwisha kuona manufaa mengine ya kalamu. Mwaka 1922, katika mji uo huo wa Tanga, Martin Kayamba, aliyesomea misheni, aliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika, na ndani yake Wakristo na Waislamu, makarani na walimu, wakaketi pamoja kuyazungumza mambo yao. Serikali ya Wadachi ilijenga shule ili ipate watu wa kupokea amri kwa maandishi. Haikujenga mlango wa kuwazuia watu hao wasiandikiane wao kwa wao, wala haukuwezekana kujengwa, kwani anayefundishwa kujibu barua ya bwana amekwisha kufundishwa kumwandikia nduguye.