Mashujaa, Miungu na Mazimwi katika Utenzi wa Warumi

Wasikilizaji, mwaka 19 kabla ya kuzaliwa Kristo mshairi mmoja alikuwa akirudi kutoka Uyunani, hali ni mgonjwa sana, akashushwa katika bandari ya Brundisium, pwani ya Italia. Jina lake Virgil, na umri wake ulikuwa karibu miaka 51. Walioandika habari za maisha yake wasimulia kwamba alipokuwa kitandani aliomba mara nyingi aletewe kasha la maandiko yake ayachome moto kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemletea. Akafa mwezi wa Septemba, na Kaisari Augustus akatoa amri kwamba utenzi ule usichomwe. Rafiki wawili wa marehemu, Varius na Tucca, ndio waliopewa kazi ya kuutengeneza na kuutoa kwa watu.

Utenzi huo waitwa Aeneid. Una vitabu 12 na mistari karibu 9,900, na kazi yake ilimchukua mtungaji miaka kama 11. Mpaka leo mistari zaidi ya 50 imekatika nusu, maana hakuwahi kuimaliza, na wale rafiki zake hawakuthubutu kuijaliza. Wengi wanasema alitaka kuuchoma kwa sababu haukukamilika. Sababu hiyo yatosha. Lakini afikaye mwisho wa utenzi huo hufikiri kwamba labda lilikuwako jambo jingine lililomsumbua, nalo ndilo ninalotaka kulieleza.

Kwanza yafaa tuzijue nyakati zake. Warumi walichelewa kuwa na tenzi. Yasemekana aliyewaanzishia ni Livius Andronicus, Myunani aliyeletwa Rumi kama mtumwa, akaugeuza utenzi wa Ulysses kuwa Kilatini. Baada yake akaja Ennius, aliyekufa mwaka 169 kabla ya Kristo, naye alizoea kusema ana mioyo mitatu kwa sababu alijua lugha tatu. Virgil aliwafuata hao, lakini dunia aliyoikuta ilikuwa mbaya kuliko yao. Alizaliwa karibu na mji wa Mantua mwaka 70. Alipokuwa kijana, Julius Caesar alivuka mto Rubicon na jeshi lake, mwaka 49, na Warumi wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Caesar akauawa mwaka 44. Mwaka 42 vikawa vita vya Philippi, na baada yake askari walioshinda wakalipwa kwa mashamba ya raia. Watu wa upande wa Mantua walifukuzwa katika ardhi ya baba zao, na ng'ombe wao wakachungwa na wageni. Hata mwaka 31, katika vita vya baharini vya Actium, Augustus akawashinda adui zake waliobaki, akawa yeye peke yake mwenye amri. Watu walikuwa wamechoka kabisa. Mshairi aliyetaka kumsifu mtawala huyo hakuweza kusahau amani ile ilinunuliwa kwa bei gani.

Augustus alikuwa mtoto wa kupanga wa Julius Caesar, na ukoo wa Caesar ulidai kwamba wao ni uzao wa Aeneas, mtu wa mji wa Troy, mwana wa Anchises na wa mungu wa kike Venus. Basi Virgil akamchukua Aeneas huyo kuwa shujaa wake.

Mara ya kwanza tumwonapo shujaa huyu yumo chomboni, tufani inavuma, naye viungo vyake vimelegea kwa baridi ya hofu. Analia, akitamani afadhali angalikufa Troy pamoja na wenzake. Msomaji hushangaa. Achilles wa Wayunani alitafuta sifa, Ulysses alitafuta kurudi kwake. Huyu Aeneas kwake kumekwisha teketea. Usiku ule Wayunani walipoingia Troy kwa hila ya farasi wa mti, alimpakia baba yake mabegani, akamshika mwanawe mkono, na mkewe Creusa akifuata nyuma akapotea gizani. Tangu hapo ana amri moja tu ya miungu, kwenda Italia kujenga taifa ambalo yeye mwenyewe hataliona. Ushujaa wake ni kutii, na mara nyingi kutii kwamwumiza yeye na watu wengine pia.

Aliyeumizwa kuliko wote ni Dido, malkia wa Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Alimpokea mgeni huyu aliyevunjikiwa na vyombo, akampa chakula, nyumba na moyo wake. Ndipo Jupiter, mkubwa wa miungu, akamtuma mjumbe wake Mercury kumkumbusha Aeneas safari yake. Aeneas akaondoka. Dido akapanda juu ya kuni zilizopangwa, akajiua kwa upanga wa mgeni wake, akiomba pasiwe na mapenzi kamwe kati ya mataifa hayo mawili, na azuke mtu wa kumlipia kisasi. Warumi waliosikia maneno hayo walimjua mtu huyo mara moja. Alikuwa Hannibal wa Carthage, aliyevuka milima ya Alpi mwaka 218 na kuwaua maelfu kwa maelfu ya Warumi huko Cannae mwaka 216. Na waliokumbuka zaidi walijua ya kwamba mwaka 146 Warumi waliuteketeza mji wa Dido. Baadaye Aeneas anaposhuka kuzimuni anamkuta Dido, anamlilia na kujitetea. Dido hamjibu neno, anageuka na kwenda zake. Kwangu mimi hakuna jibu kali kuliko lile katika utenzi wote.

Sasa mazimwi. Wasikilizaji wengi wamekua wakisikia habari za mazimwi jioni, nao hawatawaona ajabu wale wa Virgil. Wako ndege wenye nyuso za wanawake, wanaoshuka kwa makelele na kuchafua chakula cha wasafiri. Mkubwa wao, Celaeno, anawatisha Watroy kwamba njaa itawafanya watafune meza zao. Bishara ile ya kutisha ilitimia kwa mzaha: walipofika Italia walitandika chakula juu ya mikate myembamba, na kwa njaa wakaila na mikate, mtoto wa Aeneas akacheka, akasema kwamba wanakula meza. Yuko pia Polyphemus wa Sicily, jitu la jicho moja lililokwisha pofuliwa na Ulysses, linalopapasa baharini na gogo la msunobari mkononi kama mkongojo. Katika pwani ya jitu hilo Watroy walimkuta Myunani mmoja aliyeachwa na wenzake, amekonda, nguo zake zimeshikizwa kwa miiba. Alikuwa mmoja wa wale walioangamiza Troy. Mzee Anchises alimpa mkono, wakamchukua chomboni.

Lakini zimwi ambalo Virgil amelieleza kwa uzuri kabisa ni Cacus, aliyekaa pangoni katika kilima kimoja cha mahali palipokuja kuwa Rumi. Alikuwa nusu mtu, alitoa moto kinywani, na mlangoni pake vichwa vya watu vilitundikwa. Hercules alipopita na ng'ombe wake, Cacus aliiba mafahali wanne na mitamba wanne, akawakokota kwa mkia kinyumenyume ili nyayo zao zielekeze nje ya pango. Mwizi wa mifugo huyo hakukosa akili! Hercules alikuwa tayari kuondoka, hata mtamba mmoja akalia ndani ya mwamba. Basi akawaka hasira, akaling'oa paa la pango, akamrukia zimwi katikati ya moshi na kumnyonga. Anayeisimulia habari hiyo ni mfalme Evander, maskini mwenye kijiji kidogo. Anapomtembeza mgeni wake Aeneas, ng'ombe wanalia mahali ambapo siku za Augustus palikuwa baraza kuu la Warumi.

Zingatieni lile neno hasira. Hercules hakulishinda zimwi mpaka yeye mwenyewe alipowaka kama lile zimwi. Toka hapo jambo hilo halituachi.

Maana adui mkubwa wa Watroy ni Juno, mke wa Jupiter, ambaye hasira zake hazina mwisho. Anapoona hawezi kuwazuia wasifike Italia, anamwita Allecto kutoka kuzimuni, jini wa kike mwenye nyoka badala ya nywele. Allecto anamtupia malkia Amata nyoka mmoja kifuani, na Turnus, kijana hodari aliyetumaini kumwoa binti wa malkia, anamchoma kwa mwenge usingizini. Kisha anawaelekeza mbwa wa mtoto wa Aeneas kwenye kulungu mfugwa, kipenzi cha msichana mmoja wa wachungaji. Mtoto akampiga mshale bila kujua ni wa nani. Kulungu akakimbilia nyumbani akivuja damu, watu wa shamba wakashika marungu, na vita vikaanza. Miongoni mwa wa kwanza kufa ni mzee Galaesus, tajiri na mwenye haki, aliyeingia kati ili awapatanishe.

Katika vita hivyo Turnus akamwua Pallas, mwana wa pekee wa Evander, akamvua mshipi wake na kuuvaa. Hapo Aeneas mtiifu akageuka kuwa mtu mwingine. Aliua waliomshika magoti wakiomba, akamwua kuhani, akakamata vijana wanane hai ili wachinjwe mazishini mwa Pallas. Virgil hakuficha hata moja.

Juno mwisho alikubali kuacha, kwa sharti moja: Watroy washinde, lakini waache jina lao, mavazi yao na lugha yao, wawe Walatini. Jupiter akakubali akitabasamu. Hivyo miungu walikwisha patana. Waliobaki kupigana ni wanadamu wawili tu. Turnus akaanguka, jeraha pajani, akanyosha mkono kuomba, akamtaja baba yake mzee. Aeneas akauzuia mkono wake, akasita. Huko kuzimuni baba yake Anchises aliwaagiza Warumi watakaokuja wawahurumie walioshindwa. Lakini akauona ule mshipi wa Pallas begani mwa Turnus, akawaka, akamchoma upanga kifuani. Utenzi unakatika hapo. Hakuna arusi, wala mji, wala shangwe.

Miaka zaidi ya 80 baadaye kijana Lucan, mzaliwa wa Corduba katika Hispania, alitunga utenzi juu ya vita vya Caesar na Pompey vilivyoamuliwa Pharsalus mwaka 48 kabla ya Kristo. Akawaondoa miungu wote katika kazi ya kuendesha mambo. Zimwi lake ni mwanamke, Erictho, mchawi wa makaburini anayemfufua askari aliyekufa ili amtabirie mwana wa Pompey. Mengine yote watu wameyafanya wenyewe. Mwaka 65 baada ya Kristo Lucan alishikwa katika njama ya kumwua Kaisari Nero, akalazimishwa kujikata mishipa, umri wake miaka 25. Tacitus ameandika kwamba damu ilipokuwa ikimtoka alikumbuka mistari yake mwenyewe juu ya askari aliyekufa vivyo hivyo, akaisoma kwa sauti.