Ekitabo: Kiarabu Kilivyofika Karagwe na Buhaya

Nilipokuwa nikifundisha ushairi katika chuo cha ualimu, hakukosekana mwanachuo kutoka Muleba au Bukoba aliyelalamika kwamba shairi ni mali ya watu wa pwani, na istilahi zake ni Kiarabu kitupu. Nami humwuliza: kwenu kitabu mnakiitaje? "Ekitabo." Vikiwa vingi? "Ebitabo."

Katika Kiarabu neno hilo ni kitab, na mzizi wake ni konsonanti tatu, k-t-b, zenye maana ya kuandika. Humo ndimo walimotoka pia katibu, maktaba na mkataba. Ile ki- ya mwanzo si kiambishi hata kidogo. Wingi wake kwa Mwarabu ni kutub. Mswahili alilisikia kwa sikio la Kibantu, akalitia katika ngeli ya KI-VI, akapata vitabu. Lilipowafikia Wahaya lilikuwa limekwisha kuvaa nguo za nyumbani.

Pwani iliishi na Kiarabu karne nyingi kabla yetu: msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kiarabu ya mwaka 1107. Huku bara njia ilifunguliwa na misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha ikashika kaskazini hadi Karagwe. Waarabu na Waswahili wakaweka kituo cha biashara Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Omukama. Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika, Novemba 1861, mfalme huyo alimsalimu kwa Kiswahili kizuri. Napenda kuikumbusha tarehe hiyo, maana wako wanaoshikilia kwamba Kiswahili tuliletewa na Wajerumani, ilhali Emin Pasha alianzisha kituo chao cha Bukoba mwaka 1890.

Sasa ushairi wenyewe. Ubeti umetokana na bayt, yaani nyumba. Ila bayt ya Mwarabu ni mshororo mmoja wenye vipande viwili, nasi tukaifanya nyumba ya mishororo minne. Bahari ni bahr, istilahi ya al-Khalil bin Ahmad wa Basra, aliyepanga bahari 15 katika karne ya 8. Ya 16 iliongezwa baadaye.

Kwenye mizani ndipo tulipoachana naye. Al-Khalil alipima mpangilio wa silabi ndefu na fupi. Mswahili huhesabu idadi ya silabi tu, kwa kuwa lugha yake haitofautishi maana kwa urefu wa irabu. Kihaya hutofautisha: refusha irabu, na neno laweza kuwa jingine. Basi mwanachuo wangu wa Muleba, aliyedai kwamba mambo haya si yake, alikuwa na sikio lililo karibu zaidi na la al-Khalil kuliko la malenga wa Unguja.