Maji ya vioo na matone ya bati: Chanzo chake na namna ya kuyazuia

KATIKA miji ya Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, zipo nyumba ambazo alfajiri ya kipupwe hudondosha maji kutoka juu ingawa mvua haikunyesha. Mwenye nyumba hupanda juu kutafuta tundu la msumari, huliziba kwa lami, na usiku unaofuata maji hudondoka tena.

Maji hayo hayatoki mawinguni. Hutoka ndani ya nyumba yenyewe: katika pumzi za waliolala, sufuria iliyochemka jioni, nguo zilizoanikwa chumbani na mapipa ya maji yaliyoachwa wazi. Ni maji yaleyale yanayofunika vioo vya madirisha kwa ukungu, na ambayo baada ya wiki chache huacha madoa meusi nyuma ya kabati.

Kiswahili hulitumia neno ukungu kwa mambo yote mawili, yaani utando wa mvuke juu ya kioo na kuvu inayoota ukutani. Uhusiano huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa wa kwanza ukiachwa huzaa wa pili.

Mvuke unavyogeuka kuwa maji

Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji, lakini ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Kinachozidi hugeuka kuwa matone juu ya kitu chochote cha baridi, kiwe kioo, bomba, ukuta au bati.

Mtu mzima aliyelala hutoa takriban gramu 40 za maji kwa saa kupitia pumzi na jasho. Kwa hesabu hiyo, watu wazima wanne wakilala saa nane katika nyumba iliyofungwa huongeza zaidi ya lita moja ya maji katika hewa yake.

Jikoni nako kuna chanzo kisichoonekana. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke, mbali na ule unaotoka ndani ya sufuria. Mafuta ya taa nayo hutoa mvuke mwingi.

Kwa upande wake bati ni jembamba na hupoteza joto upesi kuelekea anga lisilo na mawingu, kiasi cha kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo sababu hudondosha zaidi katika usiku wa nyota kuliko usiku wa mawingu.

Nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi au makuti hazikusumbuliwa na hali hii kwa kiasi hicho. Nyasi hazipoi upesi kama bati, na hewa ilipenya katika paa na katika uwazi uliokuwa juu ya kuta. Bati lilileta faida ya kudumu na kuzuia mvua, lakini uwazi ule ulipozibwa na madirisha ya mbao yakabadilishwa kwa vioo na aluminiamu, mvuke ulikosa njia ya kutokea.

Kutambua chanzo

Si kila unyevu hutokana na mvuke, na tiba ya mmoja haitibu mwingine. Maji yanayoonekana baada ya mvua tu ni ya kuvuja. Ukuta unaolowa kuanzia chini hadi kimo cha goti au kiuno, rangi ikabanduka na chumvi nyeupe ikajitokeza, unafyonza maji kutoka ardhini.

Penye shaka, kipande cha nailoni kigandishwe ukutani kwa utepe pande zote nne na kuachwa siku mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, chanzo ni hewa ya ndani. Yakionekana upande wa ukutani, chanzo ni ukuta wenyewe.

Katika vyumba vyenye viyoyozi, kama vile vya nyumba za wageni zilizopo kando ya barabara kuu ipitayo Korogwe, ukungu huweza kutanda upande wa nje wa kioo. Hapo kioo kimepozwa kutoka ndani, na kupunguza ukali wa kiyoyozi hutosha.

Mahindi hatarini

Hasara kubwa haiko kwenye kioo. Mahindi ya masika huvunwa katikati ya mwaka, na magunia huingizwa ndani wakati uleule ambapo usiku huwa baridi na bati hudondosha zaidi. Gunia lililopangwa chini ya bati au kuegemezwa ukutani hulowa polepole bila mwenyewe kujua.

Mahindi yanapaswa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Yakilowa, huweza kuota fangasi wanaotengeneza sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki dunia.

Kipimo cha nyumbani ni chumvi kavu. Kijiko kimoja hutiwa katika chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi ya kujaza theluthi yake, kisha chupa hufungwa, hutikiswa na kuachwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudishwe juani. Isiponata, yaongezewe siku za kuanikwa kabla ya kuhifadhiwa kwa muda mrefu.

Magunia yawekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, na yasiwe chini ya bati lisilo na dari. Mifuko isiyopitisha hewa hufaa kwa mahindi makavu tu, kwani huufungia unyevu ndani kama inavyowafungia wadudu.

Mbu na madirisha

Wakazi wengi hufunga madirisha jioni kwa kuhofia mbu, na hofu hiyo ina msingi. Korogwe ilikuwa moja ya vituo viwili vya Tanzania katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyofanyika kati ya mwaka 2009 na 2014.

Hata hivyo, kuzuia mbu si lazima kuzuia hewa. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, watafiti walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia wadudu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kuwa mbu walioingia walikuwa wachache na joto la ndani lilikuwa pungufu kuliko katika nyumba za kawaida za kijijini.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, wavu kwenye madirisha na kwenye matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta hufanya kazi hiyohiyo. Matundu yawe pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, na nafasi iliyo kati ya dari na bati nayo iwe na matundu yake.

Handeni, ambako shida ya maji imewazoeza watu kuweka akiba ndani, mapipa na ndoo vifunikwe. Mfuniko hupunguza mvuke na huwanyima mbu mahali pa kutagia.

Jiko la mkaa si dawa

Kukausha chumba kilichofungwa kwa jiko la mkaa ni hatari. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Chumba hukauka kwa kufunguliwa asubuhi, jua linapopanda, na kwa kutoanika nguo ndani.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupata pumu na maradhi ya njia ya hewa. Kuvu iliyokwisha kuota ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake huenea chumbani. Dawa ya klorini ikitumika, isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia.

Kupaka rangi mpya juu ya madoa huyaficha kwa msimu mmoja tu. Kabla ya kununua rangi au kumwita fundi wa bati, ni nafuu kwanza kufunika mapipa, kufungua madirisha yenye wavu na kuchungulia darini kama mvuke una pa kutokea.