Mtofaa Ugenini

Hapa Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, wanafunzi wetu walituuliza siku moja: tofaa ni tunda gani hasa? Swali lilionekana jepesi, kumbe lina historia ndefu. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na wenyeji wa pwani walikwisha kulipokea zamani. Lakini tunda walilolipa jina hilo silo lile la nchi za baridi, bali ni tunda la nchi za joto, lenye maji mengi na harufu nzuri, ambalo mti wake ni wa ukoo mmoja na mzambarau na mkarafuu. Jina lilipata makao kwetu kabla ya mti wake kufika.

Mtofaa wa nchi za baridi chanzo chake ni milima ya Tian Shan, katika Asia ya Kati. Mwaka 1929 mtaalamu wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alifika Almaty, akaiona misitu ya mitofaa mwitu, akatambua kwamba hapo ndipo kitovu chake. Huko majira ya baridi ni makali. Mti hupukutika majani ukalala, na machipukizi hayaamki mpaka yameshiba baridi. Wataalamu huhesabu saa ambazo joto liko chini ya digrii 7 hivi. Aina nyingi huhitaji saa 800 hadi 1,000. Mti uliokosa saa hizo huamka nusunusu: jani hapa, ua pale, na tunda hakuna.

Sisi tulilijua jambo hili kwa uchungu. Tulipoanza kazi ya ualimu tulipanda nyuma ya nyumba mbegu za tofaa lililonunuliwa dukani. Mama yetu aliumwagilia mti huo maji kwa miaka 11, akafariki dunia asione hata ua moja. Tuliulaumu udongo. Kumbe udongo haukuwa na hatia. Mti ulikuwa macho miaka yote hiyo.

Laiti tungalijua mapema habari za Batu, katika mashariki ya Java. Waholanzi walipeleka mitofaa huko wakati wa utawala wao, na wakulima wa Batu wakapata hila ya ajabu. Kila baada ya mavuno hupukutisha majani yote kwa mikono, wakainamisha matawi, kisha wakaumwagilia mti maji. Mti hudhani kwamba baridi imekwisha pita, ukachanua; na hivyo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni joto limeongezeka na udongo umechoka, na mashamba mengi ya Batu yamepungua. Hila ya mkulima nayo ina mpaka.

Njia ya pili ilikuwa kuubadili mti wenyewe. Katika miaka ya 1950, huko Ein Shemer nchini Israeli, Abba Stein alizalisha tofaa liitwalo Anna, litoshekalo na saa zipatazo 300 tu. Mwenzake ni Dorsett Golden, aliyepatikana visiwa vya Bahama. Hupandwa pamoja ili vipate kupeana chavua. Aina hizo mbili ndizo zilizofika Kigezi karibu na mwaka 2000.

Nasi tulipanda miche miwili, mmoja wa kila aina, pale pale ulipokuwa mti wa mama. Usiku wa hapa ni wa baridi, lakini haufikii ule wa Asia. Kwa hiyo majani tunayapukutisha kwa mikono, kama wafanyavyo watu wa Batu. Mwaka wa tatu tulichuma matofaa 14.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu, jembe tulilishika sisi wenyeji. Na wale wanafunzi tuliwajibu kwamba matunda yote mawili ni tofaa: moja lilipokea jina la mgeni, la pili ni mgeni aliyelikuta jina lake limekwisha kaliwa.