Mto Usiopokea Chombo Kizima: Historia ya Kufufua Injini za Mashua katika Lualaba ya Juu

1. Utangulizi

Waandishi wa historia ya Katanga huutaja mto Lualaba kwa mambo mawili: kwamba ni chimbuko la mto Kongo, na kwamba maporomoko yake hutoa umeme wa migodi ya shaba. Ni nadra kuutaja kuwa njia ya vyombo, na ni nadra zaidi kumtaja fundi wa vyombo hivyo. Makala haya yanamhusu fundi huyo, hasa yule anayepokea injini ya kupachikwa tezini iliyokwisha kufa zamani, akaifufua kwa vipuri vilivyochopolewa katika mashine nyingine. Kwa kawaida kazi yake huelezwa kuwa ni zao la umaskini: kampuni ilianguka, watu wakajitafutia. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayajitoshelezi. Hoja ya makala haya ni kwamba katika Lualaba ya juu kuunga chombo kwa vipande ni desturi iliyotangulia umaskini huo, na kwamba wakoloni wenyewe, waliokuwa na mali na amri, hawakuwa na njia nyingine.

2. Vyombo vilivyofika kwa vipande

Kati ya mwisho wa 1891 na mwanzo wa 1892 msafara wa Alexandre Delcommune ulichonga mitumbwi ukitaraji kuteremka Lualaba kwa maji. Magenge ya Nzilo, yasiyo mbali na mahali ulipo sasa mji wa Kolwezi, yaliwashinda. Waliiacha mitumbwi, wakaendelea kwa miguu. Bwawa lililojengwa katika magenge hayo mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilipewa jina la Delcommune, yaani jina la mtu ambaye mahali hapo palimkatalia njia. Baadaye liliitwa Nzilo, na maji yaliyozuiwa nyuma yake yakawa ziwa la wavuvi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa 1915. Katika vita na Wajerumani wa ziwa Tanganyika, Waingereza walileta mashua mbili zenye injini za petroli, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilishushwa Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume, kwenye ukanda wa shaba, ambako reli ilikuwa imekomea. Kutoka hapo zilikokotwa na matrekta ya mvuke na maksai, zaidi ya kilomita 200, kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia. Njia ilifyekwa, na madaraja yalijengwa kwa magogo. Maji ya matrekta yalipopungua, wanawake wa vijiji vya njiani ndio walioyachota na kuyabeba vichwani. Kutoka Bukama mashua zilishuka na Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapanda reli tena hadi ziwani.

Huko ziwani mambo yaliendelea kwa namna hiyohiyo. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ikiwa na tundu la risasi za mzinga. Waliiziba, wakaipa jina la Fifi, na Februari 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilikuwa imeundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa makasha hadi Kigoma, ikaungwa upya. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha makusudi, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili maji yasizile. Iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, kwa injini zilezile za mvuke.

Wafalme wa Ulaya walipofanya hivyo, kazi hiyo iliitwa ushujaa na uhandisi. Mvuvi wa Nzilo akifanya hivyo, huitwa kujikongoja. Tofauti iko katika cheo cha mtendaji, wala haiko katika kazi yenyewe.

3. Injini na mwili wake

Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alianza kuuza injini yake ya kupachikwa tezini mwaka 1909. Yamaha ya Japani ilitoa ya kwanza yake mwaka 1960. Faida yake kwa mto wenye maporomoko ni dhahiri: injini hubebwa begani pale chombo kinaposhindwa kupita. Hasara yake ni kwamba injini huishi muda mrefu kuliko kampuni iliyoiunda. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza Johnson na Evinrude ilifilisika mwaka 2000. Majina hayo yalinunuliwa na kampuni nyingine, lakini utengenezaji wa Johnson ulikoma mwaka 2007 na wa Evinrude mwaka 2020. Hata hivyo, injini zake hazikupokea habari hiyo.

Injini ya zamani ya mipigo miwili ina siri moja ambayo fundi hana budi kuijua. Mchanganyiko wa petroli na oili hupita kwanza katika chumba cha kranki, chini ya pistoni, nao husukumwa juu kwenye silinda na pistoni yenyewe inaposhuka. Kwa hiyo chumba hicho lazima kizibwe kabisa. Mpira wa kuziba uliochakaa ukivuta hewa, mchanganyiko hupungua petroli na oili, joto hupanda, na pistoni hung'ang'ania katika silinda. Injini ya namna hiyo haikufa kwa ubovu wa pistoni, ingawa pistoni ndiyo inayoonekana kuharibika. Fundi asiyejua hubadilisha pistoni, na injini hufa mara ya pili kwa ugonjwa uleule.

Vipuri vyenyewe ni vya tabaka mbili. Viko visivyokopeka: kranki, pistoni na gia za mguu hutoka katika injini ya jamaa moja tu, na ndiyo sababu injini mbili zilizokufa ni mali kubwa kuliko moja. Na viko vinavyokopeka. Plagi hutazamwa urefu na upana wa uzi wake pamoja na kiwango chake cha joto. Beringi huchapwa namba, na namba hiyo ni lugha ya dunia nzima: yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetoka katika mota ya umeme, katika roli za mkanda wa kubebea mawe ya mgodini, au katika mashua. Mahali penye migodi, lugha hiyo ina vitabu vingi.

Gasketi ya kichwa cha silinda huweza kukatwa katika bamba la shaba. Shaba iliyofuliwa huwa ngumu, haishiki vizuri. Ikipashwa moto hadi ikawa nyekundu, kisha ikapozwa, hata kwa kuitosa majini, hulainika. Chuma cha pua kikifanyiwa hivyo hukakamaa. Wafua shaba wa Katanga, ambao chini ya utawala wa Msiri huko Garenganze walivuta nyaya nyembamba za madini hayo, waliutegemea ulaini huo kabla ya mwanzilishi yeyote wa kampuni kufika. Si lazima kudai kwamba fundi wa leo aliurithi kwao moja kwa moja. Inatosha kusema kwamba maarifa haya hayakuja yote ndani ya kasha la Ulaya.

4. Kutoka karakana hadi uani

Maarifa mengine yalitoka katika karakana. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kwa mikataba mirefu pamoja na familia zao, ikawafunza ufundi. Mali zake zilitaifishwa 1967, na kampuni iliyozirithi ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wakiwamo mafundi wengi, walifukuzwa mkoani. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara.

Hapa ndipo penye swali gumu. Kipuri kilichotoka bohari ya kampuni bila karatasi ni kitu cha wizi mbele ya sheria. Mshahara wa miezi usiolipwa nao ni kitu kilichochukuliwa. Mwanahistoria hawezi kuhesabu deni la upande mmoja akaliacha la pili. Lakini asiligeuze jambo hili kuwa hadithi tamu. Injini iliyoungwa kwa vipuri visivyolingana huweza kuzimika katikati ya ziwa upepo ukivuma, na abiria hawana la kufanya. Fundi mwema hujulikana kwa injini anazokataa kuzirudisha majini, sawa na anazozifufua.

5. Maneno ya kazi

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyofanywa lugha ya kazi Katanga. Kiswahili hicho kilipokea majina ya vyombo kutoka Kifaransa, kama kile cha pwani kilivyoyapokea kutoka Kiingereza. Fundi wa Kolwezi husema buji, wa Kigoma husema plagi. Mmoja amepokea neno la Kifaransa lenye maana ya mshumaa, mwingine neno la Kiingereza lenye maana ya kizibo. Lakini vitenzi havikukopwa. Injini hufa, hufunguliwa, huungwa, hufufuka. Jina la kitu lilikuja pamoja na kitu. Jina la tendo lilikuwapo, kwa sababu tendo lilikuwapo.

6. Hitimisho

Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani wa Elisabethville kilipata historia ya mji wao iliyotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji huo, kwa maneno yao wenyewe. Mafundi wa injini wanastahili kitabu cha namna hiyo. Waliofunzwa katika karakana za kampuni kabla ya 1990 ni wazee sasa, na kila anayefariki huondoka na orodha ya maneno, vipimo na hukumu ambazo hakuna kamusi iliyozikusanya. Kazi ya kuziandika haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtafiti akae uani mwa fundi, siku injini inapofunguliwa, aandike kila kipande kinavyoitwa na kilikotoka.