Mkuu wa chuo kwa wiki tano

Hapa Bisil ng'ombe wakipigwa sindano ya chanjo hakuna mzee anayeuliza kama tumekosa imani. Zamu ya mtoto ikifika, maswali yanaanza. Basi leo nikupe habari za Jonathan Edwards.

Alikuwa mchungaji wa Northampton, Marekani, kabla nchi ile haijapata uhuru. Mahubiri yake yaliwasha uamsho mkubwa. Hata hivyo mwaka 1750 washirika wake wenyewe walimpigia kura wakamtoa, kwa sababu alikataa kuwapa Meza ya Bwana watu wasiokiri wokovu. Akaenda Stockbridge, kuwahubiria Wamohikani.

Mwaka 1757 mkwe wake, Aaron Burr, mkuu wa Chuo cha New Jersey (leo ni Princeton), akafa. Edwards akaitwa kushika kiti. Akajibu kwa barua kwamba afya yake ni mbovu na hesabu haijui vizuri. Mwishowe akakubali, akasimikwa tarehe 16 Februari 1758. Ndui ilikuwa imeingia maeneo yale, kwa hiyo tarehe 23 akachanjwa. Tarehe 22 Machi akafa, akiwa na miaka 54.

Usikimbilie kusema "mnaona!" Chanjo ya siku zile ilikuwa usaha wa mgonjwa wa ndui, unatiwa kwenye mkato wa ngozi. Ni ndui yenyewe, ikiwa hai. Na bado ilikuwa afadhali: Boston mwaka 1721 waliougua walikuwa karibu 5,900, wakafa 844. Waliochanjwa walikuwa karibu 240, wakafa 6.

Sasa uliza Boston ilijifunza wapi. Ilijifunza kwa Mwafrika, mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, aliyemwambia bwana wake kwamba yeye alichanjwa hivyo kwao.

Na Edwards? Mwaka 1731 alinunua msichana Mwafrika wa kama miaka 14, aitwaye Venus, kwa pauni 80. Hati ya mauzo ipo. Nampenda sana mhubiri huyu, lakini hati hiyo sitaificha. Ukiniambia ilikuwa desturi ya wakati wake, nitakukumbusha mwanawe, Jonathan pia, mchungaji na baadaye mkuu wa chuo vilevile. Mwaka 1791 alihubiri waziwazi kupinga utumwa.

Yule mtumwa wa Boston, Mather alimpa jina la Onesimo. Fungua Waraka kwa Filemoni leo jioni. Ni sura moja tu.